Utambuzi wa vyanzo vya uchafuzi wa hewa ni nini?

Utambuzi wa vyanzo vya uchafuzi wa hewa ni kazi ya kuchukua uchafu ulioelea juu ya jiji na kumrudishia kila mwenyewe fungu lake: magari yametoa kiasi gani, vumbi la barabarani kiasi gani, na taka zinazochomwa, makaa ya jikoni au viwanda kiasi gani.

Watu huchanganya kazi hii na kupima hewa. Vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani husoma wingi wa PM2.5, chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Tangu mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kifaa kitakuonyesha kwamba mtaa wako umepita kiwango hicho, lakini hakitakuonyesha aliyeupitisha, na serikali ya kaunti haiwezi kumdhibiti isiyemjua.

Ili kumjua, pampu huvuta hewa kupitia kichujio, mara nyingi kwa saa 24. Kichujio huwekwa kikiwa cheupe na kutolewa kijivu, wakati mwingine cheusi. Maabara hutafuta kilichonaswa humo. Silikoni, alumini na kalsiamu huelekeza kwenye udongo. Masizi mengi huelekeza kwenye injini za dizeli na moto wa kuni. Levoglukosani, kemikali inayotokea mti unapoungua, ni alama ya kuni. Klorini huongeza shaka ya plastiki na taka. Ugumu ni kwamba alama moja inaweza kuwa na wenyewe wengi: zinki hutoka kwa matairi yanayolika, oili ya injini na hata viwanda vya mabati. Ndiyo maana hukusanywa vichujio vingi kwa miezi, kisha hesabu za takwimu huonyesha ni elementi zipi hupanda na kushuka pamoja. Mwelekeo wa upepo na saa za siku husaidia pia, kwani moshi wa foleni ya asubuhi katika barabara ya Jogoo Road jijini Nairobi una saa zake.

Nairobi kazi hii imeshafanywa. Sampuli zilizokusanywa kati ya 2008 na 2010, na matokeo yake kuchapishwa 2014, zilionyesha kuwa magari na vumbi kwa pamoja vilichangia karibu robo tatu ya PM2.5. Fungu la vumbi lilikuwa kubwa, nami naona ndilo tunalolipuuza zaidi. Tunalaumu moshi wa matatu kwa sababu tunauona, huku kando za barabara zikiachwa udongo mtupu na malori ya mchanga yakipita bila turubai. Kufunika mizigo na kusakafu kando za barabara hakuhitaji teknolojia ngeni.

Hata hivyo, takwimu hizo zimezeeka. Kiwango cha salfa katika dizeli kilishushwa 2015, bodaboda zimejaa kila kona, na Nairobi Expressway imejengwa tangu hapo. Mafungu lazima yahesabiwe upya.

Tena kuna mtego wa wastani. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori ya taka yaliendelea kumwaga. Moshi wake unaweza kuwa fungu dogo katika hesabu ya jiji zima, ilhali kwa mtoto anayelala Korogocho, mtaa ulio jirani na jaa hilo, ndio hewa yenyewe. Kadhalika mama anayepikia jiko la makaa katika chumba kimoja cha mabati kwenye mtaa wa mabanda wa Mukuru: uchafu mwingi anaovuta hautaonekana kwenye pampu iliyo juu ya paa la chuo kikuu katikati ya jiji. Kwa hiyo, kabla ya kuamini asilimia yoyote utakayosomewa, uliza pampu ziliwekwa mitaa gani na kwa miezi mingapi, na kama kipindi hicho kiligusa kiangazi na masika pia, kwa kuwa mvua hulaza vumbi na kubadilisha mafungu yote.