Uwiano wa kamba na kina cha maji

Uwiano wa kamba na kina ni urefu wa kamba ya nanga uliyoachia, ukigawanywa kwa kimo cha kutoka chini ya ziwa hadi pale kamba inapofungwa kwenye boti. Wengi hupima maji peke yake wakasahau ubavu wa boti ulio juu ya maji. Chukua boti iliyolala Igombe, pwani ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, kwenye maji ya mita 3, na pete yake ya kufungia ipo mita 1 juu ya maji. Kimo ni mita 4. Ukiachia kamba ya mita 20, uwiano ni 5 kwa 1, ambao unafaa ziwa likiwa tulivu. Mawingu yakijikusanya, fikisha 7 kwa 1, yaani mita 28 kwa maji yaleyale.

Siri yote iko kwenye pembe. Nanga ya chuma yenye kucha haizuii boti kwa uzito wake. Huizuia kwa kuchimba, na huchimba pale tu inapovutwa ikiwa imelala. Kwa uwiano wa 5, kamba iliyokazwa na upepo huinuka digrii 11 na nusu hivi kutoka chini. Kwa uwiano wa 2 hufika digrii 30, na kila wimbi linaloinua boti huing'oa nanga. Anayenunua nanga nzito zaidi huku kamba yake ni fupi anapoteza hela.

Jiwe ni jambo jingine. Kwenye mialo yetu mingi, yaani maegesho ya boti za uvuvi, bado linatumika, lakini halichimbi kitu, linategemea uzito tu, na maji huupunguza uzito huo. Jiwe la granaiti la kilo 50 nchi kavu huvuta kama kilo 31 tu likizama. Zege hupoteza zaidi. Kwa mtumbwi mdogo, usiku mtulivu, sawa. Kwa boti ya injini yenye ubavu mrefu unaokamata upepo, hapana, hata wakisema wazee walifanya hivyo.

Kati ya nanga na kamba weka mnyororo wa mita chache. Hulala chini na kushusha pembe, na ndio unaosuguana na miamba badala ya kamba. Kwa Mwanza, penye granaiti hadi chini ya maji, mimi nauona ni wa lazima. Nanga ikizoea kunasa kwenye mawe, funga kamba nyembamba ya pili upande wa kucha zake, yenye boya juu, uivute kwa kinyumenyume.

Kamba yenyewe iwe ya nailoni, kwa sababu hurefuka na kupunguza mshtuko wa mawimbi. Ile ya plastiki inayoelea ni ya bei nafuu, ila jua huila na propela huidaka juu ya maji. Katani huoza.

Sasa, kamba ndefu ina gharama yake: boti huzunguka duara kubwa. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, na boti hugeuka nao. Mahali penye msongamano kama Mwaloni Kirumba utagonga wenzako. Hapo tupa nanga upande wa ziwani, kisha funga kamba ya pili kwenye mwamba au mti imara nchi kavu. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa kuhesabika, kwa hiyo kamba hiyo haihitaji ulegevu kama Dar es Salaam, ambako siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Lakini isikaze kama gitaa, maana magugu maji yakiletwa na upepo huegemea boti kwa nguvu kubwa.

Kujua kama nanga imeshika, chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mnara na mwamba ulio mbele yake, ukivitazama kutoka ubavuni mwa boti. Vikianza kuachana wakati upepo haujageuka, nanga inaburuzika. Achia kamba zaidi kwanza, kabla hujagusa injini.