Makaburi ya Ifunda si ya Wajerumani, wala hakuna rupia chini yake

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mbeya, shuka Ifunda uulizie makaburi ya wazungu. Utaonyeshwa. Ukiuliza ni wazungu gani, wengi watakujibu bila kusita: Wajerumani. Kwetu huku mzungu yeyote aliyekufa zamani ni Mjerumani, kama kila dawa ya meno ilivyokuwa Colgate.

Ukweli ni kwamba walikuwa Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu maelfu kwa maelfu ya watu kutoka mashariki ya Poland, wakawatupa Siberia na Kazakhstan. Baada ya makubaliano ya Poland na Wasovieti ya Julai 1941 wakaanza kuachiwa. Mwaka 1942 wengi wakavuka kuingia Iran, na baadhi wakapandishwa meli kuja Afrika Mashariki. Kambi kubwa ya Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Nyanda za juu zilipata Ifunda, na Kidugala huko Njombe.

Wapo wanaokubali hayo, halafu wanaongeza, “Basi walikuwa mateka wa vita.” Hapana. Wanaume walioweza kubeba bunduki walibaki na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders. Waliofika kwetu wengi walikuwa kina mama na watoto, yatima wakiwemo.

Ubishi huu, kwa kweli, jiwe lenyewe linaumaliza. Tazama juu ya jina. Ukikuta herufi Ś.P., ile S ikiwa na kamstari kichwani, hicho ni Kipolandi, na kazi yake ni ile ya neno letu “marehemu”. Chini yake “ur.” ni kuzaliwa na “zm.” ni kufariki. Mjerumani angechonga “geb.” na “gest.”, au “Hier ruht”, yaani hapa amepumzika. Kisha soma mwaka. Kaburi la 1943 au 1944 ni la enzi za Mwingereza. Utawala wa Mjerumani ulishaondoka Iringa tangu 1916. Ila usitegemee jina peke yake. Emil von Zelewski, yule kamanda ambaye Wahehe walimuua Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na aliyejulikana kwa jina la Nyundo, alikuwa ofisa wa Kijerumani, na jina lake linaishia na -ski!

Kidugala ndiko kwa kwenda taratibu, maana Wajerumani walikuwepo kweli. Ilikuwa misheni ya Walutheri wa Berlin kabla Wapolandi hawajafika. Huko usihukumu makaburi kwa mkumbo, soma moja moja.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni ya mali. Eti maandishi yale ni alama, msalaba unaonyesha upande wa kuchimba, na chini kuna rupia za Mjerumani. Tuhesabu pamoja. Rupia ilikuwa fedha ya koloni la Mjerumani, ikafa na utawala wake. Mama aliyetolewa kitandani usiku huko Poland mwaka 1940, akapewa muda mfupi wa kufunga virago, akauza nguo zake Siberia apate mkate, angeitoa wapi rupia ya Tanganyika? Na kama angekuwa nayo, angemzika nayo mtoto?

Miaka michache nyuma, kijijini kwetu, kaburi moja la zamani lilichimbwa usiku. Asubuhi tulikuta shimo la kufika kiunoni, betri mbili za tochi zilizokwisha, na jiwe limelazwa kifudifudi. Mzee mmoja akashuka shimoni, akapekua udongo kwa vidole. Alichotoka nacho ni misumari minne yenye kutu. Akairudisha chini, akaomba jembe.