Kwia: jina la watu, na msimamo wa kisiasa

Neno kwia, lililotoka kwenye neno la Kiingereza queer, lina kazi mbili, na mabishano mengi yanayolizunguka hutokea kwa sababu mmoja anazungumzia kazi ya kwanza huku mwenzake akiwaza ya pili. Kazi ya kwanza ni kuwataja watu kwa pamoja: mashoga, wasagaji, wanaovutiwa na jinsia zote mbili, watu wanaojijua kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na wengine ambao majina hayo yote hayawatoshi. Hapo kwia ni mwavuli. Kazi ya pili ni kuuliza maswali: nani alipanga kwamba mapenzi, ndoa na mwenendo wa namna fulani ndiyo kawaida, na anayetoka nje ya kawaida hiyo hulipishwa nini? Hapo kwia ni msimamo, na mtu anaweza kuwa shoga maisha yake yote asiwe na msimamo huo hata chembe.

Mwavuli hauhitaji maelezo mengi. Msimamo ndio wenye historia.

Mapenzi ya watu wa jinsia moja ni ya kale na yameandikwa katika tamaduni nyingi. Kilicho kipya ni kumfanya mwenye mapenzi hayo kuwa aina ya mtu. Istilahi ya homoseksuali ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, kwa Kijerumani, na mwandishi Karl-Maria Kertbeny, ambaye alikuwa akipinga sheria ya Prussia iliyoadhibu wanaume waliolala na wanaume. Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault aliyatazama mabadiliko ya karne hiyo na mwaka 1976 akatoa hoja ambayo mpaka leo haikwepeki: zamani sheria na kanisa viliadhibu tendo, lakini katika karne ya 19 madaktari na mahakimu wakaanza kumchunguza mtu mwenyewe, utoto wake, hulka yake, hata umbo lake. Aliyekuwa mkosaji akawa kiumbe wa aina yake.

Wanahistoria kadhaa wameikosoa hoja hiyo, na nami naona Foucault aliuchora mpaka ukanyooka kupita kiasi. Walikuwapo watu waliojitambua na kutambuliwa hivyo kabla daktari yeyote hajawafungulia faili. Lakini kiini chake kimesimama. Utambulisho huu haukuota wenyewe kama uyoga. Hospitali, mahakama na polisi walishiriki kuufinyanga. Kwa hiyo anayelalamika kwamba siku hizi watu wanayaingiza mambo ya chumbani katika siasa amechelewa. Siasa iliingia chumbani zamani.

Kifungu cha 377 cha iliyokuwa Kanuni ya Adhabu ya India kinaonyesha hilo waziwazi. Waingereza walikiweka mwaka 1860 kuharamisha kile walichokiita tendo la kimwili lililo kinyume cha maumbile, kisha maneno hayo, au yanayofanana nayo sana, yakasambazwa katika makoloni yao mengine ya Asia na Afrika. Kenya na Uganda zimebaki na lugha hiyo katika sheria zao za adhabu. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2018 kwamba kifungu hicho hakiwahusu tena watu wazima waliokubaliana. Botswana ilifuta sheria kama hiyo kupitia mahakama mwaka 2019, na rufaa ya serikali ikagonga mwamba mwaka 2021.

Wanaharakati wengi huishia hapo kwa ushindi: chuki ni ya mkoloni, basi. Si rahisi hivyo. Sheria kuwa ya kikoloni haithibitishi kwamba kabla ya ukoloni kila mtu aliishi kwa raha zake. Jamii zilikuwa na makatazo yake na nafasi zake, na zilitofautiana mno kiasi kwamba kuzijumuisha ni kuzisingizia. Inachothibitisha ni jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba kifungu kinachotetewa leo bungeni kwa jina la mila kiliandikwa na maofisa wa Kiingereza.

Sasa neno lenyewe. Kwa miongo mingi lilikuwa tusi la Kiingereza, na lililowafanya watukanwa walichukue ni UKIMWI. Katika miaka ya 1980 mashoga wa miji mikubwa ya Marekani walizikana mfululizo huku serikali yao ikijivuta. Mwaka 1987 kikundi cha ACT UP kilizaliwa New York, kikafunga barabara na kuzingira ofisi za serikali kudai dawa zipitishwe haraka. Mwaka 1990 baadhi ya wanachama wake wakaanzisha Queer Nation, wakajiita hadharani kwa lile tusi. Hawakuwa wakiomba wakubaliwe kwa sababu nao ni watu wa kawaida. Walikuwa wameuchoka huo u-kawaida wenyewe. Mwaka huohuo mtaalamu Teresa de Lauretis aliitisha mkutano katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na jina la nadharia ya kwia likaingia vyuoni.

Mwaka 1990 pia Judith Butler alitoa hoja ambayo imepotoshwa kuliko nyingine zote. Butler alisema kwamba uanaume na uanamke wa kijamii hujengwa kwa kurudiwarudiwa: namna ya kukaa, kusema, kuvaa, kulia au kutolia, mpaka marudio yakaonekana kama maumbile. Wengi wakasikia kwamba mtu anaamka asubuhi na kuchagua jinsia kabatini. Alichosema ni karibu kinyume chake. Marudio hayo yanasimamiwa, na anayekosea hatua hukumbushwa kwa kicheko, kwa kipigo, au kwa kunyimwa kazi. Mvulana wa miaka sita anayeambiwa "acha kutembea hivyo" hajachagua lolote. Anafundishwa.

Dhana ya pili inayohitajika hapa ni makutano, yaani jinsi ubaguzi wa aina mbili au zaidi unavyomkuta mtu mmoja kwa pamoja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliieleza mwaka 1989 akitumia, pamoja na nyingine, kesi ya wanawake weusi dhidi ya kampuni ya General Motors, iliyoamuliwa mwaka 1976. Wanawake hao walidai wamebaguliwa kama wanawake weusi. Mahakama iliona kampuni imeajiri wanawake, ila walikuwa weupe. Na imeajiri watu weusi, ila wengi wao walikuwa wanaume. Walalamikaji wakaambiwa wachague: walete dai la jinsia au dai la rangi, siyo mchanganyiko wa yote mawili. Wakaangukia katika nafasi ambayo sheria haikuwa na jina lake.

Uzito wa jambo hili katika maisha ya kwia haujaonekana vizuri popote kama katika habari za Simon Nkoli wa Afrika Kusini. Nkoli alikuwa mwanaharakati mweusi aliyepinga ubaguzi wa rangi, na alikuwa shoga. Alikamatwa mwaka 1984 baada ya maandamano ya kodi za nyumba katika eneo la Vaal, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake 21 katika kesi iliyojulikana kama ya Delmas. Walipojua kuhusu mapenzi yake, baadhi ya washtakiwa wenzake walitaka ashtakiwe peke yake, wakihofia upande wa mashtaka ungelitumia jambo hilo kuwachafua wote. Wakabishana naye, na wao kwa wao, wakiwa gerezani. Mwishowe akabaki nao.

Upande wa pili ulimwangusha vilevile. Chama kikubwa cha mashoga nchini humo, ambacho wanachama wake wengi walikuwa weupe, kilijitangaza kuwa hakijihusishi na siasa na hakikumtetea. Kwa wenzake wa ukombozi ushoga wake ulikuwa mzigo. Kwa mashoga wenzake, huo weusi wake ulikuwa siasa. Mwaka 1988 mahakama ilimwona Nkoli hana hatia, na mwaka huohuo akashiriki kuanzisha chama cha mashoga na wasagaji cha Witwatersrand, na Oktoba 1990 yeye na wenzake wakaongoza maandamano ya kwanza ya Pride, yaani fahari ya mashoga na wenzao, ya Johannesburg. Baadhi ya walioandamana walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho, wasije wakatambuliwa kazini au nyumbani. Siku hiyo alieleza kwamba yeye ni mweusi na ni shoga, na kwamba hawezi kuyapanga mambo hayo mawili kuwa mapambano ya kwanza na ya pili.

Patrick Lekota, aliyeshtakiwa naye, alikuja kusema kwamba baada ya kuwa na watu kama Simon katika mapambano, wasingeweza kugeuka na kuwabagua wakati wa kuandika katiba. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi, na nchi hiyo ikaruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2006. Miaka miwili baadaye Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake na aliyeishi wazi kama msagaji, alibakwa na kuuawa katika mtaa wa KwaThema. Haki ileile iliyoandikwa katika katiba moja inamfikia mwenye gari na ukuta kabla ya anayerudi nyumbani kwa miguu.

Ndiyo sababu mwanasayansi ya siasa Cathy Cohen, mwaka 1997, alizilaumu siasa za kwia za wakati wake kwa kugawa dunia mafungu mawili tu, kwia huku na wengine kule. Alimtolea mfano mama asiye na mume, mweusi, anayeishi kwa msaada wa serikali. Huyo anapenda wanaume, lakini kawaida ya jamii haimlindi. Wanasiasa humsema kila uchaguzi na maafisa huhoji uzazi wake. Kwa Cohen, umoja wa kweli ungejengwa na wote ambao kawaida imewatupa pembeni, bila kujali wanalala na nani. Mimi naiona hiyo kuwa hoja bora zaidi iliyotoka katika fikra hizi, na pia ndiyo iliyosikilizwa kidogo zaidi.

Kilichosikilizwa badala yake ni dai la kuonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwia weusi na Walatino wa New York, wakichoka kudhulumiwa katika mashindano ya urembo yaliyoendeshwa na weupe, waliunda makundi yao yaliyoitwa nyumba, ya kwanza ikiwa ya Crystal LaBeija. Kila nyumba ilikuwa na mama au baba, na vijana wengi waliojiunga walikuwa wamefukuzwa kwao. Humo ndimo ulimokua uchezaji wa kuganda kwa mikao ya wanamitindo, ambao mwanamuziki Madonna aliupeleka dunia nzima mwaka 1990. Leo misemo na miondoko ya kumbi hizo imejaa katika matangazo na video za simu, na wengi wanaoiiga hawajui ilikotoka. Kampuni nyingi nazo zimekuwa zikipaka nembo zao rangi za upinde wa mvua, alama ya kwia, kila Juni, mwezi wa Pride, isipokuwa mara nyingi katika kurasa zao za nchi ambako jambo hilo lingewaharibia biashara.

Serikali zina mchezo wao, na unachezwa kutoka pande zote mbili. Mwaka 2007 msomi Jasbir Puar alieleza jinsi nchi za Magharibi zilivyoanza kutumia haki za mashoga kama kipimo cha ustaarabu, hasa dhidi ya wahamiaji na Waislamu, kana kwamba zenyewe hazikuwafunga mashoga juzi tu. Upande wa pili, Urusi ilipitisha mwaka 2013 sheria dhidi ya kile ilichokiita propaganda kwa watoto, na Novemba 2023 Mahakama yake ya Juu ikalitangaza kuwa la msimamo mkali "vuguvugu la kimataifa la LGBT" (herufi za Kiingereza zinazowataja wasagaji, mashoga na wenzao), chombo kisicho na ofisi, kadi wala mwenyekiti. Kesi ikasikilizwa faraghani, bila mshtakiwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwita.

Uganda ilipotunga sheria yake kali mwaka 2023, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, Benki ya Dunia ilitangaza kusimamisha mikopo mipya. Waliokusudiwa kulindwa wakageuka sura ya fedha za kigeni, na kila aliyetaka kuwashambulia akapata sentensi ya kuanzia. Linganisha na Kenya Februari mwaka huo, ambako Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba haikuwa halali kulikataa ombi la kusajili shirika kwa sababu ya maneno gei na wasagaji katika jina lake. Kesi hiyo ilianzia kwenye ombi la mwaka 2013, ikapanda ngazi zote za mahakama za nchi hiyohiyo, na ikabishaniwa kwa katiba yake yenyewe. Hasira zilizuka vilevile, lakini waliokasirika ilibidi waikasirikie katiba yao.

Katika matumizi, jambo moja huleta shida kila mara. Si kila aliye chini ya mwavuli huu anakubali kuitwa kwia. Wazee wengi waliotukanwa kwa neno hilo hawalitaki masikioni mwao. Wapo wanaoliona kuwa la wasomi. Na huko Uganda wenyewe wamekuwa wakijiita kuchu. Ugumu zaidi uko kwa waliokufa. Bayard Rustin, mwanaharakati wa haki za weusi wa Marekani aliyeratibu maandamano ya Washington ya mwaka 1963 na kushambuliwa na seneta Strom Thurmond katika Seneti kwa ajili ya mapenzi yake, alifariki mwaka 1987, kabla neno halijageuzwa kutoka tusi. Nkoli alifariki mwaka 1998 akijiita gei. Kusema kwamba maisha yao yanaeleweka vizuri zaidi kwa fikra za kwia ni sawa, na nimefanya hivyo hapa. Kuwaandika kuwa walikuwa kwia ni dai jingine, na anayelitoa awe tayari kulieleza.