Ukikaa kimya, shule inasikia nini?

Ujumbe uliingia kwenye simu za wazazi saa nne na dakika kumi asubuhi. Waliojiandikisha kupokea habari kwa Kiswahili walisoma hivi: "Shule imefungwa. Zoezi." Kabla ya saa tano walikuwa wamesimama mlangoni kina mama watano na baba mmoja, mama mmoja bado amevaa aproni ya kazini, wote wamekuja kuchukua watoto. Walidhani shule imefunga mapema, kama inavyofunga theluji ikizidi. Kumbe ndani watoto walikuwa wamekaa sakafuni, taa zimezimwa, milango imekomewa, wanajifunza la kufanya iwapo mtu mwenye silaha ataingia.

Kiingereza kilikuwa kimesema "lockdown drill". Mashine ya kutafsiri ikaokota "funga", na Kiswahili chetu hakibagui: mlango unafungwa, duka linafungwa, mtu anafungwa, na shule zikifungwa, kwetu hiyo ni likizo.

Kazi yangu ni kutafsiri matangazo ya wilaya moja ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lake, hapa Marekani, na kuwakalimania wazazi wanapoitwa. Tangu asubuhi ile tangazo la dharura halitoki kwa Kiswahili kabla mtu hajalisoma. Wilaya nyingi siku hizi zinatumia maneno matano yaleyale ya dharura, kwa hiyo yafaa uyajue kwa sura yake ya Kiingereza, maana huenda yakakufikia hivyohivyo. "Hold" ni kila mtu abaki darasani, korido ziwe tupu. Mara nyingi ni mwanafunzi kaugua na wauguzi wanapita. "Secure" maana yake shida iko nje, pengine polisi wanamsaka mtu mtaa wa pili. Milango ya nje inakomewa, masomo yanaendelea. "Lockdown" ni hatari iliyo ndani au iliyo karibu kabisa: komea, zima taa, jificheni. "Evacuate" ni kutoka nje ya jengo, na "Shelter" ni kujikinga, kwa mfano na kimbunga. Likiongezwa neno "drill", ni zoezi tu. Katika "Secure" na "Lockdown" hutafunguliwa mlango hata ukiwa mzazi, na kwenda pale kunawaziba njia wanaokuja kusaidia. Subiri ujumbe utakaotaja mahali pa kumchukulia mwanao.

Nikiwa bado kwenye mashine, angalia na saa. Siku ya theluji wanaweza kutangaza kuchelewa kwa saa mbili, na mashine ikaandika "shule itaanza saa 10:30". Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anasoma jioni. Mimi huandika saa nne na nusu asubuhi, kisha naweka 10:30 pembeni. Na shule ikichelewa saa mbili, basi nalo linachelewa saa mbili. Usimsimamishe mtoto kituoni kwenye baridi tangu alfajiri.

Lakini matangazo ya dharura, pamoja na kelele zake zote, siyo yanayowaumiza zaidi wazazi ninaowahudumia. Yanayowaumiza ni yale ya kawaida, ya karatasi, yanayokaa chini ya begi la mtoto pamoja na ganda la ndizi. Kwetu mtu asipojibu barua ya shule, mwalimu ataagiza mtoto, au mtakutana sokoni. Huku kimya chako kinaandikwa kwenye faili kuwa ni jibu. Na ubaya wake ni kwamba kimya kilekile kina maana tofauti kulingana na karatasi iliyo mbele yako: mara ni ndiyo, mara ni hapana, mara ni deni. Kwa hiyo kila tangazo nalisoma na swali moja: nisipofanya chochote, itakuwaje?

Chukua tangazo la taarifa za jumla za mwanafunzi, linalotoka mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, lakini inairuhusu wilaya kuteua mambo fulani, kama jina, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa na tuzo alizopata, kuwa yanaweza kutolewa bila kukuuliza tena. Wanachodaiwa ni kukutangazia na kukupa muda wa kukataa. Hapo kimya ni ndiyo. Kwa watoto wa sekondari kuna jambo la ziada: maafisa wanaoandikisha vijana jeshini wakiomba majina, anwani na simu, shule inawapa, isipokuwa mzazi amekataa kwa maandishi. Baba mmoja alinijia juu sana alipopigiwa simu kumhusu mwanawe wa miaka 17. Yeye alikimbia vita; kusikia neno jeshi sebuleni kwake halikuwa jambo dogo. Karatasi ya kukataa ilikuwa imepita mikononi mwake mwezi wa tisa, kwa Kiingereza.

Sasa geuza. Shule ikitaka kumpima mtoto kwa mara ya kwanza ili ijue kama anahitaji elimu maalumu, haiwezi kuanza bila sahihi yako. Hapo kimya ni hapana. Mtoto anaendelea kukaa nyuma ya darasa, na karatasi inaendelea kukaa juu ya friji. Kwa sheria ya shirikisho, ukishatoa idhini, wanapaswa kumaliza upimaji ndani ya siku 60, au ndani ya muda uliowekwa na jimbo kama jimbo lina wake. Saa inaanza kuhesabu pale wanapopokea idhini yako, wala si siku mwalimu alipokuambia kwa upole mlangoni kwamba "tunamwangalia". Nawe unaweza kuanza mwenyewe: andika barua ya kuomba apimwe, weka tarehe, baki na nakala. Wazazi wengi huogopa kuwa mtoto ataitwa mwendawazimu. Naielewa hofu hiyo, nimekulia nayo. Lakini nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha kujua kuwa anayepimwa mapema husaidiwa mapema, na kutia sahihi ya kupimwa si kukubali huduma. Hiyo inahitaji idhini nyingine.

Chakula ndicho kinacholeta deni. Mpango wa taifa wa chakula cha mchana shuleni upo tangu 1946, na karibu kila shule ya umma imo. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho inastahili chakula bure. Kuanzia hapo hadi asilimia 185, mtoto hatozwi zaidi ya senti 40 kwa chakula cha mchana. Shida iko hapa: mwaka mpya wa masomo ukianza, hadhi ya mwaka jana inaendelea kwa siku 30 tu za masomo. Usipojaza fomu mpya, wala wilaya haijakupata kwa njia nyingine, mtoto anatozwa bei kamili kuanzia siku ya 31. Ndiyo maana simu za deni hunimiminikia mwezi wa kumi, na kila mzazi anasema maneno yaleyale: "Mwalimu, mbona mwezi jana alikula bure?" (Mimi si mwalimu, lakini nimeacha kubisha.) Wanaopokea msaada wa chakula wa serikali kwa kawaida huthibitishwa bila fomu. Na kuna shule ambazo kila mtoto anakula bure bila kuulizwa kipato; uliza kama yenu ni mojawapo kabla hujapoteza jioni nzima kutafuta hati za mshahara.

Kuhusu mahudhurio nitasema kwa ufupi. Mtoto akiugua, piga simu au tuma ujumbe siku hiyohiyo. Usipotoa taarifa, siku ile inaandikwa kuwa ya utoro. Na hata ukitoa, siku zinajumlishwa: wanahesabu kuwa mtoto anakosa kupita kiasi akifikisha asilimia 10 ya siku za masomo, ambazo kwenye mwaka wa siku 180 ni siku 18. Wiki nne za kwenda kumwona bibi Kigoma zinavuka hapo kwa safari moja.

Na ile fomu ya usajili inayouliza nyumbani mnazungumza lugha gani, tafadhali andika ukweli. Wengi huandika Kiingereza wakidhani Kiswahili kitamharibia mtoto, kumbe wamemfungia mlango wa kupimwa na kusaidiwa. Haiulizi uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hana hati za kuishi nchini. Mkalimani nawe una haki ya kupewa bure. Wilaya inayopokea fedha za shirikisho inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi. Usimtumie mtoto akutafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Nimeshuhudia "amesimamishwa siku tatu" ikawa "mwalimu anasema nimekua".

Mwisho ni tangazo ambalo karibu hakuna anayelifungua: ajenda ya vikao vya bodi inayoisimamia wilaya ya shule. Hapa neno "wilaya" linatudanganya. Wilaya ya shule haina mkuu wa wilaya, wala mara nyingi mipaka yake hailingani na ya mji. Kwa sehemu kubwa ni mamlaka inayojitegemea, ziko zaidi ya 13,000 nchini, ingawa Hawaii nzima ni wilaya moja. Fedha zake hutoka hasa kwenye kodi ya majengo ya hapo hapo na serikali ya jimbo, na kwa kawaida bodi yake huchaguliwa kwa kura. Kalenda, mipaka ya shule, kufunga shule kabisa, yote hupita pale. Katika ajenda kuna fungu la mambo yanayopitishwa kwa mkupuo, kwa kura moja, bila mjadala. Lisome. Mikataba hupenda kujificha humo.

Ukitaka kusema, unajiandikisha, na kwa kawaida unapewa dakika tatu. Nilimsindikiza baba mmoja aliyetaka kituo cha basi kihamishwe, kwa kuwa watoto walisubiri kando ya barabara kubwa isiyo na njia ya miguu. Alisema vizuri, akamaliza kabla ya kengele. Wajumbe wakamtazama, mwenyekiti akasema asante, akaita jina linalofuata. Tukiwa kwenye maegesho alikuwa anatetemeka. "Ndugu yangu, hata kunijibu? Hata mbwa huitwa."

Nikamweleza kuwa wengi wao hufungwa na sheria za mikutano ya wazi: jambo ambalo halimo kwenye ajenda iliyotangazwa hawawezi kulijadili papo hapo, ili wananchi wasishtukizwe na maamuzi. Kule California, kwa mfano, ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla. Hakuridhika, nami sikumlaumu. Mwezi uliofuata ajenda haikuwa na kitu. Mwezi wa pili, kwenye taarifa ya usafiri, kulikuwa na mstari mmoja wenye namba ya kituo chao. Nilimtumia picha yake saa tatu usiku, nikiwa nimeuzungushia duara. Akapiga simu palepale, akauliza kikao kijacho ni tarehe ngapi, na kama zile dakika tatu mtu anaweza kuzigawana na mkewe.