Ada ya kupampu maji ya kisima: inapimwa vipi, na inaweza kuhifadhi maji kiasi gani Nairobi

Chini ya Nairobi kuna matabaka ya mawe ya volkano, na kati ya tabaka moja na jingine kuna majivu yaliyogandamana na mchanga wa kale ambamo maji hukaa. Maji hayo huingia ardhini zaidi upande wa magharibi, kwenye miinuko ya Kikuyu na Ngong, kisha husafiri polepole kuelekea mashariki. Ploti ya Kilimani, hoteli ya Upper Hill na kiwanda cha Barabara ya Mombasa kila kimoja kina mrija wake, lakini chungu ni kimoja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, rasilimali za maji zimo mikononi mwa Serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mwenye kisima kirefu anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na hulipa ada kwa kila mita ya ujazo, yaani lita 1,000, anayopampu. Kanuni za 2007 ziliweka senti 50 kwa mita ya ujazo kwa matumizi ya nyumbani. Zimefanyiwa mabadiliko tangu hapo, kwa hiyo kiwango cha kufuata ni kile kilicho kwenye ankara yako. Hapa tutahesabu kwa senti 50 kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi.

Tuchukue jengo la kupangisha lenye nyumba 40, kila nyumba ikitumia lita 400 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 16 kwa siku, 480 kwa mwezi. Ada yake ni shilingi 240, sawa na shilingi 6 kwa kila nyumba. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5 tu mtaani, mita moja ya ujazo ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Anayebeba mitungi hulipa mara 500 ya ada ya mwenye kisima.

Gharama kubwa ya mwenye kisima ni stima. Kuinua mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita 100 kunahitaji yuniti 0.27 kama pampu haipotezi nguvu hata kidogo. Pampu nyingi zilizotumika miaka kadhaa hufanya kazi kwa ufanisi wa karibu nusu, hivyo weka yuniti 0.55. Maji yakiwa kwenye kina cha mita 200 inakuwa yuniti 1.1. Ukikadiria shilingi 25 kwa yuniti, unalipa shilingi 27 hivi kuyafikisha juu kabla hayajaingia tangini. Sasa maji yakishuka mita 10 zaidi, kila mita ya ujazo inakula yuniti 0.055 za ziada, karibu shilingi 1 na senti 40. Huko kushuka kwa mita 10 ni ada nyingine, karibu mara tatu ya ile ya senti 50, na haijengi chochote. Wanaolalamikia ada wangefaa kwanza kuitazama hiyo, kwa sababu wanailipa bila ankara na bila risiti.

Hoja ya kutenga ada ya kupampu kwa ajili ya kuhifadhi maji si ngeni. Wilaya ya maji ya Orange County, California, iliyoanzishwa 1933, huwatoza wenye visima kulingana na maji wanayopampu na kutumia fedha hizo kuyarudisha maji ardhini. Katika bonde la Pajaro, jimbo hilohilo, mamlaka ya maji inatoza ada ya namna hiyo na pia humpunguzia ada mwenye shamba anayenasa maji ya mvua na kuyaelekeza ardhini. Funzo linalotufaa hapa ni kwamba pesa hizo hutumika katika bonde lilelile zilikotozwa, na mlipaji anaweza kwenda kuona zilikoishia.

Mita ndipo mambo huharibikia

Ada haiwezi kuwa ya haki ikiwa mita si ya haki, na mita nyingi za visima zimefungwa vibaya. Kosa la kawaida ni kuifunga mara tu baada ya kona au vali. Maji yanayozunguka huchezea propela iliyo ndani ya mita, na mita husoma vingine. Kwa bomba la inchi 2, acha angalau sentimita 50 za bomba lililonyooka kabla ya mita na 25 baada yake. Isipokuwa mtengenezaji ameruhusu vingine, ilale sambamba na ardhi, mahali ambapo bomba hubaki limejaa maji muda wote.

Kosa la pili ni hewa. Pampu ikizimwa na vali ya kuzuia maji kurudi ikivuja, maji hushuka na bomba hujaa hewa. Pampu ikiwashwa tena hewa ile husukumwa kwa kasi na kuzungusha mita, na mwenye kisima analipia upepo. Dawa yake ni kubadilisha vali hiyo na kufunga vali ya kutoa hewa kabla ya mita. Mchanga nao hufanya kinyume: huibana propela na mita husoma pungufu, jambo ambalo mwenye kisima halilalamikii kamwe. Chujio dogo kabla ya mita, likisafishwa kila mwezi, linatosha.

Kuipima ni rahisi. Tafuta tangi ambalo ujazo wake una hakika nao, tuseme lita 1,000. Soma mita, jaza tangi mara tatu, soma tena. Ikiwa mita imesogea kutoka 4,512.30 hadi 4,514.94, imeona 2.64 badala ya 3.00, yaani inakosa asilimia 12. Njia nyingine ni mita ya stima, kama pampu ina yake peke yake. Jengo letu la nyumba 40, lenye maji kwenye kina cha mita 200, lingetumia yuniti 520 hivi kwa mwezi. Anayeripoti mita za ujazo 200 huku stima ikionyesha yuniti 520 ana maswali ya kujibu, au pampu yake imechakaa.

Kisima kisicho na mita kina hatari ya kutozwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibali, hata kama kinatumia nusu yake.

Kuhifadhi nini, na wapi

Tuseme visima 200 vya eneo moja vinapampu mita za ujazo 40 kila kimoja kwa siku. Kwa mwaka ni 2,920,000, na kwa senti 50 mfuko wa kuhifadhi maji ungepata shilingi 1,460,000. Kwa shilingi 5 ingekuwa milioni 14.6. Ada ya kwanza haiwezi kujenga bwawa, na atakayeahidi bwawa kwa fedha hizo anadanganya. Inaweza kununua matangi na gata, yaani mifereji ya paa, za shule chache, na kwa Nairobi pengine hilo ndilo la maana zaidi.

Paa la mita za mraba 1,000, kama la ukumbi wa kanisa au shule, likipata mvua ya milimita 900 kwa mwaka, huvuna takriban mita za ujazo 720 baada ya kutoa asilimia 20 zinazopotea kwa kurukia nje na kukauka. Mvua hiyo huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo tangi hujazwa na kutumiwa zaidi ya mara moja. Kila mita ya ujazo iliyotoka paani ni moja ambayo pampu haikuigusa. Lita za kwanza 500 hadi 1,000 za kila mvua baada ya kiangazi zimwagwe. Ndizo zenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Silanga la wazi, yaani bwawa dogo la kuchimbwa, linavutia kwenye picha ya uzinduzi, ila jua la Nairobi hukausha zaidi ya mita moja na nusu za kina kwa mwaka. Silanga pana lenye kina cha mita mbili maji yake mengi huishia mawinguni. Kama lazima lichimbwe, liwe refu kwenda chini kuliko kwa upana, na liwe na shimo la kunasa tope kabla ya mlango wa maji, la sivyo baada ya misimu michache ni uwanja wa mpira.

Mashimo ya kurudisha maji ardhini yanategemea udongo. Lavington na Kabete zina udongo mwekundu unaofyonza maji. Embakasi na Syokimau zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kufunga kila tundu. Shimo la huko litabaki dimbwi la mbu. Hata kwenye udongo mwekundu maji hayo hulisha tabaka la juu, na sehemu ndogo tu hufika chini ya mawe kunakopampiwa visima virefu. Maji ya maegesho ya magari yasiingizwe kamwe, wala shimo lisichimbwe karibu na choo. Kumwaga maji ya mvua moja kwa moja ndani ya kisima cha zamani ni kosa kubwa: huziba kisima na kupeleka uchafu kwenye maji ya jirani.

Chama cha watumiaji wa maji kinachotaka kupendekeza ada ya ziada kianze na mwaka mmoja wa kusoma mita kabla ya kutaja shilingi. Kila kisima kiwe na bomba jembamba la kupimia kina, la kipenyo cha inchi moja hivi, lililoshushwa kando ya bomba kuu hadi juu kidogo ya pampu. Kina kipimwe tarehe ileile ya kila mwezi, alfajiri, pampu ikiwa imezimwa tangu usiku. Daftari liwe na safu nne: tarehe, kina cha maji, namba ya mita ya maji na namba ya mita ya stima.