Redio ikibadili mmiliki, masafa hayauzwi

Mtu akiniambia ananunua redio ya FM hapa Mwanza, kwanza namuuliza: unanunua vifaa au hisa za kampuni? Mnara, transimita na mikisa ya sauti huuzwa kama mtumbwi na injini yake. Masafa hayauzwi. Leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, imetolewa kwa kampuni iliyotajwa ndani yake, na haihamishwi bila idhini ya Mamlaka. Ndiyo maana wengi hununua hisa, kampuni ikabaki ileile, mabadiliko ya wanahisa yakapelekwa TCRA. Usimalize kulipa kabla ya idhini hiyo.

Ila ukinunua hisa umenunua na madeni: ada za leseni, michango ya NSSF ya watangazaji, kodi ya kiwanja cha mnara, mirabaha ya muziki. Dai risiti za kila kimoja. Soma pia aina ya leseni. Ya redio ya jamii haigeuki kuwa ya biashara kwa sababu tu mfanyabiashara ameinunua.

Kisha panda mlimani, ulipo mnara, na fundi. Soma mita ya nguvu inayorudi kutoka kwenye antena: kati ya wati 1,000 zinazopanda, zinazorudi zikizidi 40, kuna tatizo, na mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye viungo vya kebo. Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini, ndiyo inayosumbua zaidi. Milima yetu ni mawe, na radi za ukanda huu wa ziwa ni kali. Fimbo ya shaba iliyochomekwa kwenye ufa wa jiwe haipati udongo wa kupeleka umeme. Tandaza mkanda wa shaba hadi kwenye udongo wa bondeni, uuzungushie bentonaiti, udongo unaoshika unyevu, upime ukinzani wa ethi mwezi wa nane ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha mwezi wa nne, mvua zikinyesha, kitakudanganya. Mimi nataka chini ya omu 10.

Vipindi ndivyo vinavyopotezwa haraka. Mwenye redio mpya huja na orodha ya Bongo Fleva ya kutwa nzima, au anaunganisha matangazo ya Dar es Salaam ili apunguze mishahara. Gharama hushuka kweli. Lakini mwenye duka la nyavu Kirumba hatangazi kwenye redio isiyotaja Kirumba.

Msikilizaji wa hapa anaijua saa yake. Matangazo ya vifo yakihamishwa kutoka saa moja asubuhi hadi saa tatu, aliyetakiwa kuwahi kivuko cha Ukerewe kwenda msibani amechelewa. Kwa hiyo, miezi mitatu ya mwanzo usiguse asubuhi, vifo wala salamu. Anza na saa nane hadi saa kumi mchana, kipindi ambacho matangazo ya biashara ni machache, ukikosea hasara ni ndogo. Badilisha kimoja, kaa wiki nne, hesabu simu na ujumbe, ndipo uguse kingine.

Usiku una kalenda yake. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani wakati wa giza, taa zao zikivuta dagaa juu. Mbalamwezi ikiwaka wengi hubaki mwaloni. Kwa hiyo kipindi cha saa sita usiku kinaweza kuwa na wasikilizaji wengi wiki hii na wachache wiki mbili baadaye, bila mtangazaji kukosea lolote. Ukipima usiku, linganisha giza na giza, usilinganishe na mbalamwezi. Wakati wa giza weka hali ya hewa ya ziwa kila saa, kwa maneno mafupi: upepo unatoka wapi, mawimbi yakoje.

Mwisho kuna namba ya simu ya studio, ambayo mikataba mingi huisahau. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mara nyingi za salamu na za malipo ziko kwa jina la mwenye redio wa zamani au la mtangazaji aliyeondoka. Zihamishiwe kwenye kampuni kabla ya kusaini. Namba hiyo imeandikwa kwa chokaa kwenye kuta za maduka hadi Sengerema, na hakuna atakayezunguka kuifuta.