Bustani ya Tabora wakati wa kiangazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila Agosti, ukipita Isevya, Ipuli au Kiloleni, hukosi kumkuta mtu na jembe anang'oa nyasi alizozipanda kwa gharama. Zimekuwa kahawia, zinavunjika ukizikanyaga, na mwenye nyumba ameshahukumu kwamba zimekufa. Mara nyingi hazijafa. Ukoka, ambao umeenea kwenye nyua nyingi hapa, una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayopita chini yake. Kiangazi kikikaza, huyaacha majani yakauke na kujihifadhi huko chini. Kabla hujainua jembe, chimbua kipande kidogo kwa kisu, upate shina la chini ya udongo na ulikwaruze kwa ukucha. Likiwa jeupe na lenye unyevu ndani, nyasi ziko hai, zitachipua mvua zikirudi. Likiwa jeusi na kavu hadi ndani, hapo kweli utapanda upya, lakini subiri Desemba.

Sehemu kubwa ya makosa yetu inatokana na kufuata kalenda za watu wengine. Dar es Salaam wana vuli na masika. Tabora tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, halafu miezi ya kiangazi ambayo karibu haina tone. Anayesoma ushauri wa Ulaya anaambiwa atie mbolea Machi na Aprili, kwa sababu huko baridi ndiyo inaisha na nyasi zinaanza kukua. Hapa Aprili mvua zinaaga. Ukizisukuma nyasi zitoe majani mengi laini wakati huo, unaziingiza kiangazini na kiu ambayo huna maji ya kuikata. Mbolea iende mvua zikishashika, na iende kidogo kidogo, maana kichanga chetu hakishiki naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani: mvua moja kubwa inaizamisha chini ya mizizi.

Sasa lile la tumbaku, ambalo ni letu hasa. Wengi wana mabaki ya mbolea ya tumbaku nyumbani, ile NPK 10-18-24, na wanaamini mbolea ni mbolea. Namba hizo ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potashi, kwa mpangilio huo: naitrojeni ndiyo ndogo kuliko zote, na potashi ndiyo kubwa. Majani ya ukoka yanahitaji zaidi naitrojeni. Kwa hiyo mbolea hiyo haitaua nyasi ukiitia kwa kiasi kwenye udongo wenye unyevu, ila usishangae rangi ya kijani unayoitafuta isipotokea.

Linalonisumbua zaidi ni mabua ya tumbaku kutandazwa kwenye matuta ya mboga ili yafukuze wadudu. Imani hii ina nusu ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haiondoki: nikotini ni sumu ya wadudu kweli. Lakini tumbaku, nyanya, nyanya chungu, biringanya na pilipili hoho ni ukoo mmoja, na maradhi yao wanaambukizana. Kuna virusi vya mozaiki ya tumbaku, virusi vya kwanza kabisa kutambuliwa na wanasayansi, mwishoni mwa karne ya 19. Sifa mbaya ya virusi hivi ni kwamba havifi bua likikauka. Hukaa humo muda mrefu vikisubiri. Vinaingia kwenye mche kupitia mikwaruzo midogo, hata ya vidole vya mtu aliyetoka kushika tumbaku. Utaona jani la nyanya lina mabaka ya kijani kilichoiva na kijani kilichopauka, limejikunja, na matunda yanapungua. Dawa hakuna, mche unang'olewa na kupelekwa mbali na bustani. Mabua yenye mizizi yana hatari ya pili, minyoo fundo, wale wanaoifanya mizizi ivimbe vinundu. Nakuomba, uliyetoka bandani kufunga tumbaku, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa miche ya nyanya.

Tandaza nyasi kavu badala yake. Hapo najua jibu litakalokuja: zitaleta mchwa. Mchwa tayari wapo chini ya ua wako, na chakula chao kikuu ni vitu vilivyokufa. Ukifagia ua ukabaki udongo mtupu, wakakosa majani makavu, mche wako uliodhoofika kwa kiu ndio utakaobaki wa kutafunwa. Acha tu nafasi ya kiganja kimoja kati ya matandazo na shina. Na ukipata kichuguu kilichohamwa, usikidharau. Udongo wake una mfinyanzi mwingi kuliko kichanga kinachouzunguka, na ukiuchanganya kwenye tuta, maji yanakawia kutoroka.

Kuhusu maji, inasemwa kwamba ukimwagilia saa sita mchana matone yanageuka lenzi na kuunguza majani. Majani hayaungui hivyo. Hasara ni kwamba jua na upepo vinayanywa maji kabla ya mizizi. Asubuhi ndiyo saa yake. Wala kunyunyizia kidogo kila siku si kuitunza bustani, kwa sababu mizizi inazoea kukaa juu, mahali panapokauka kwanza. Ndoo ya lita 20, ikimwagwa taratibu kwenye mita moja ya mraba, ni sawa na mvua ya milimita 20, na inafaa kuliko vikombe vya kila jioni. Ukitaka kujua maji yamefika wapi, chomeka spoki ya baiskeli: itapita kwa urahisi palipolowa na kukwama palipo pakavu.

Wapo wanaosema nyasi za uani huleta nyoka na mbu. Nyoka hufuata panya na vyura, na hujificha kwenye nyasi ndefu, marundo ya matofali na kuni. Nyasi fupi hazimpi pa kujificha. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo angalia madimbwi kwanza.

Chini ya mwembe ukoka haustawi, na sababu kubwa ni kivuli na mizizi inayogombea maji. Weka matandazo hapo, uache kuhangaika.

Kuchoma nyasi Septemba ili zichipue vizuri nako hakusaidii. Majivu yanabakiza potashi, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni inaondoka na moshi, na udongo unabaki uchi mbele ya jua kali la Oktoba. Kufyeka hadi chini kabisa kuna madhara yaleyale ya kuuvua udongo. Kila ukikata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, na kuanzia Mei acha nyasi zibaki na sentimita tano au sita. Vipande vilivyokatwa viache palepale vilipoanguka.